Jinsi ya Kuupima Mkataba wa Kazi ya Afya Unaotolewa Wakati wa Janga

Janga la maradhi huvuruga ajira za wahudumu wa afya kwa namna mbili zinazopingana, na anayetafuta kazi wakati huo hana budi kuziona zote. Korona ilipoingia Kenya mwezi Machi 2020, wagonjwa wa kawaida waliogopa kwenda hospitalini, mapato ya hospitali za kibinafsi yakashuka, na baadhi ya wafanyakazi wakakatwa mishahara au kupewa likizo bila malipo. Wakati huohuo serikali iliajiri maelfu ya wauguzi, matabibu na wataalamu wa maabara chini ya mpango wa afya kwa wote, ila kwa mikataba ya miaka 3. Mwaka 2025 walioajiriwa hivyo walipiga kambi nje ya Afya House, makao makuu ya wizara ya afya jijini Nairobi, wakidai ajira ya kudumu yenye pensheni.

Basi ukipewa kazi ya aina hiyo, anza na mstari unaomtaja mwajiri. Tangu 2013 huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa kaunti, na mkataba wa wizara kwa kazi ya hospitali ya kaunti huzua swali gumu muda unapokwisha: nani atakuchukua? Uliza kabla ya kutia saini, na jibu liwe la maandishi. Kisha tazama kiinua mgongo, na ulinganishe mshahara wa msingi na wa mwenzako wa kudumu wa daraja lilo hilo. Posho ya mazingira hatarishi inayoongezwa kwa sababu ya janga isikupumbaze. Huja na janga na huondoka nalo.

Linalopuuzwa zaidi ni kumbukumbu. Hifadhi barua ya kupangiwa wodi ya kutengwa, picha ya ratiba ya zamu yenye jina lako, na kila hati ya mshahara. Ukiambukizwa, mjulishe mwajiri kwa maandishi bila kukawia, kwa sababu dai la fidia chini ya WIBA, sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia au kuugua kazini, hutaka ionekane kwamba ugonjwa ulitokana na kazi, na mwajiri atasema kwa wepisi kwamba uliupata kwenye matatu.

Aliye katika hospitali ya kibinafsi ajue kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu masharti ya kazi kubadilishwa bila kushauriana naye. Akiachishwa kwa sababu kazi imepungua, anastahili notisi isiyopungua mwezi mmoja, pamoja na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia.