Somo: Shindano la mtandaoni la kujaza viti usiku wa taarab

Wakuu, salaam. Vikundi vingi vya taarab, ngoma na maigizo vikitaka kutangaza onyesho hukimbilia shindano lile lile: "Laiki, shea, tagi marafiki watano, ujishindie simu." Wafuasi hupanda, na siku ya onyesho viti vinabaki vitupu, kwa sababu waliojitokeza walifuata simu, na simu ni moja. Hapa tunatafuta watu watakaovaa wakatoka usiku kuja kukaa ukumbini. Mfano wangu ni taarab, lakini ngoma na maigizo nao watapata chao.

Hatua ya 1: Zawadi

Toa tiketi, tena mbili mbili. Hakuna anayekwenda taarab peke yake. Mshindi akija na shoga yake, mashoga wengine watalipa kiingilio ili wasiachwe. Ongeza kitu kisichouzwa dukani: meza ya mbele, picha na mwimbaji, jina kutajwa jukwaani. Kwa mpenzi wa taarab, kutajwa mbele ya mahasimu wake ni zawadi nzito kuliko mnavyodhani.

Hatua ya 2: Kazi ya mshiriki

Hapa ndipo penye shughuli. Kazi mtakayompa mshiriki itokane na sanaa yenyewe, ili asiyeipenda achoke mapema aondoke. Taarab ina utajiri huu tayari. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kilianzishwa Zanzibar mwaka 1905, na kwa miaka mingi mashabiki wa taarab wamezoea fumbo, kijembe na majibu ya kijembe. Basi posti mishororo miwili, waachie wamalizie ubeti:

*Waridi nimelilea, kwa maji ya kisimani,*
*Wenzangu wamezoea, kuchuma vya majirani…*

Sharti: mishororo miwili ya kumalizia, mizani (silabi) nane kwa nane, kina (sauti ya kumalizia) cha kati "ea" na cha mwisho "ni". Anayejua ushairi ataingia kwa fahari, na asiyejua atakaa kwenye komenti kucheka na kuchochea. Watajibizana wenyewe, na kila jibizano linalipeleka tangazo lenu mbele zaidi bila nyinyi kulipia. Ubeti ulioshinda uimbwe usiku huohuo. Niambieni ni mtunzi gani atakosa kuja kusikia ubeti wake, na atawaacha ndugu zake nyumbani?

Msidai video ndefu. Bando ni ghali, na wengi wenye vipaji watajiondoa kimya kimya.

Hatua ya 3: Masharti

Ile "vigezo na masharti kuzingatiwa" isibaki maneno matupu. Andika nani anaruhusiwa, mwisho ni saa ngapi, majaji ni nani, na kwamba Facebook au Instagram hawahusiki na shindano lenu. Mitandao hiyo yenyewe inadai muandike hivyo. Facebook pia hairuhusu kushea kwenye ukurasa binafsi au kutagi marafiki kuwa sharti la kushiriki, ingawa kila siku tunaona watu wakifanya. Andika pia kwamba ubeti ni mali ya mtunzi, na anawaruhusu kuuimba usiku huo. Mkitaka kuurekodi baadaye, mkubaliane upya kwa maandishi.

Hatua ya 4: Ratiba

Siku saba hadi kumi zinatosha. Mshindi atajwe siku tatu nne kabla ya onyesho, ili mazungumzo yawe bado ya moto na walioshindwa wapate muda wa kununua tiketi. Onyesho likiangukia mwisho wa mwezi, bora zaidi, mshahara umeingia.

Hatua ya 5: Kutangaza mshindi

Matapeli hufungua akaunti inayofanana na yenu, wakamwandikia mshiriki: "Hongera, tuma elfu kumi ya usajili kwenye namba hii." Tangu posti ya kwanza andikeni kwamba mshindi halipi hata senti, na kwamba jina litatangazwa kwenye ukurasa wenu tu. Mlangoni achukue tiketi kwa jina na kitambulisho.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kwa nini tusimpe ushindi mwenye laiki nyingi? Ndiyo rahisi.

Jibu: Laiki zinanunuliwa. Anayeshinda ni mwenye ukoo mkubwa au mwenye pesa ya kununua akaunti bandia, na washairi wa kweli wakiona hivyo hawarudi. Weka majaji watatu, mmoja awe mwimbaji wenu. Mkitaka kura ya watu, ichague kati ya beti tano ambazo majaji wamekwisha kuzichuja.

Swali: Na droo kwa walionunua tiketi tu?

Jibu: Hapo unaingia kwenye bahati nasibu: mtu analipa, kisha bahati inaamua. Tanzania mambo hayo yako chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa sheria ya mwaka 2003. Waulize Bodi kabla hujaposti chochote. Mimi ningebaki na shindano la ujuzi.

Swali: Sisi ni kikundi cha maigizo, mashairi si kazi yetu.

Jibu: Dada, rekodini nusu dakika ya mzozo wa wahusika wawili, mkate pale mmoja anapotakiwa kujibu. Watu waandike jibu lake kwa sentensi moja. Msitoe mwisho wa igizo, hata wakiwabembeleza.

Swali: Watu wetu wako WhatsApp, Instagram hawaijui.

Jibu: Fanyeni hukohuko. Mishororo iwekwe kwenye stetasi, majibu yaje kwa namba moja ya kikundi. Ila namba zitakazoingia ni taarifa za watu, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Anayetaka kutangaziwa maonyesho yajayo aseme mwenyewe. Kumwingiza mtu kwenye grupu bila kumuuliza ni kosa, na atatoka na hasira juu.