Unabadili wakili? Faili lako litoe hivi
Kumwacha wakili sio ishu, ishu ni kulitoa faili. Mimi faili la kiwanja changu cha Nzuguni, Dodoma, ofisi ya wakili ilinizungusha wiki tatu, mara karani kasafiri mara funguo hazionekani, kumbe wanasubiri hela yao ya mwisho. Kwa hiyo maliza deni kwanza uchukue risiti, alafu andika barua fupi ya kuomba faili lako, nakala mbili, wakugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, hiyo ndo silaha. Siku ya kukabidhiwa usibebe tu bahasha ukaondoka, hesabu karatasi moja moja, hati orijino hasa, msaini wote. Wakigoma, nenda Kamati ya Mawakili, ndo inasikiliza malalamiko dhidi ya mawakili Tanzania, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kuziona taarifa zako.