Jinsi Timu Ndogo Inavyoweza Kuboresha Programu Yake ya Simu, Toleo Baada ya Toleo

Mwongozo huu ni kwa timu ya watu wachache ambayo tayari ina programu ya simu, au inakaribia kuitoa, na inataka kuiboresha bila kuwavuruga wanaoitegemea. Mifano yangu inatoka katika kazi ninayoifanya na wenzangu, yaani programu ya Android ya kutunza hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo Tanzania hufahamika kama VICOBA. Mwekahazina huandika hisa, marejesho ya mikopo, faini na michango ya mfuko wa jamii mbele ya wanachama wote, hivyo kosa dogo la programu linaweza kuzua ugomvi kati ya watu ambao wamekuwa wakiaminiana kwa miaka. Kwa sababu hiyo nasisitiza jambo moja katika kila hatua: toeni mabadiliko madogo, na msitoe badiliko lolote kabla ya kujua mtalisimamishaje likileta madhara.

Hatua ya 1: Wekeni msimbo na funguo mahali pa timu, si pa mtu mmoja

Msimbo wote, yaani maandishi yanayounda programu, ukae katika Git, mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, na kila badiliko lifanyike katika tawi lake (nakala ya pembeni ya msimbo) na kusomwa na mwenzenu mmoja kabla ya kuunganishwa na msimbo mkuu. Hata mkiwa wawili tu, sharti hili lifuateni.

Akaunti ya Google Play hulipiwa dola 25 za Marekani mara moja, wakati ile ya Apple hulipiwa dola 99 kila mwaka. Watumiaji wenu wakiwa wengi wao wana simu za Android, anzeni huko. Fungueni akaunti kwa jina la taasisi mkiweza, kwa sababu akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 hutakiwa kwanza kufanya jaribio la faragha, yaani la watu walioalikwa tu, lenye wajaribu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Ufunguo wa kutia saini programu, unaothibitisha kwamba toleo limetoka kwenu, pamoja na nywila zake, uwe na nakala inayoweza kufikiwa na zaidi ya mtu mmoja, maana mwenzenu akiondoka au kompyuta yake ikiibwa, kazi ya kutoa matoleo haitakiwi kusimama.

Hatua ya 2: Nendeni mkaone programu ikitumika

Hojaji na simu za kuuliza maoni hutoa majibu ya adabu. Mtu mzima aliyekukaribisha kwake hatakwambia kwamba kazi yako inamchosha, lakini vidole vyake vitakuonyesha. Ombeni ruhusa ya kuhudhuria kikao kupitia kwa mwenyekiti, amkieni wakubwa ipasavyo, elezeni kwa ufupi kilichowaleta, kisha mketi kando na kunyamaza. Mwekahazina akikwama, msimwelekeze mahali pa kubonyeza hadi awaulize wenyewe.

Andikeni mambo matatu: aliposita, aliporudi nyuma, na alipoacha simu akachukua daftari la karatasi. Hilo la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa kuwa daftari huonyesha kazi ambayo programu haijaiweza. Sisi tuliona wawekahazina wakiandika kwanza majina ya waliochelewa kwenye karatasi, kwa sababu skrini yetu ilidai kiasi cha faini papo hapo wakati kikundi hukipanga mwisho wa kikao. Hakuna hojaji ambayo ingetuambia hivyo. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, alieleza mwaka 2000 kwamba watumiaji watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo ya muundo, kwa hiyo ukosefu wa bajeti ya utafiti usiwe sababu ya kutokwenda.

Hatua ya 3: Pangeni kazi kwa uzito wa madhara

Tunatumia mpangilio huu: kwanza makosa yanayobadilisha hesabu au kupoteza kumbukumbu, pili yanayozuia kazi kuendelea, tatu ucheleweshaji, na mwisho mwonekano na mambo mapya. Katika kila toleo chagueni kazi chache zinazoweza kuelezwa kwa sentensi moja au mbili. Toleo likihitaji ukurasa mzima kulieleza, ligaweni.

Hatua ya 4: Jengeni mkichukulia kwamba mtandao haupo

Hapa ndipo programu nyingi za eneo letu hushindwa, na ndipo ninapowaomba mtumie muda mwingi zaidi. Kikao kinaweza kufanyika chini ya mwembe mahali ambapo mtandao unapatikana kwa kubahatisha, au bando la mwekahazina likawa limekwisha. Kila kumbukumbu iandikwe kwanza katika hifadhidata iliyomo ndani ya simu, kama vile SQLite, na mtumiaji aonyeshwe mara moja kwamba imehifadhiwa. Kuituma kwenye seva ni kazi ya baadaye inayofanyika yenyewe mtandao unaporudi.

Sasa angalieni tatizo linalofuata. Simu inatuma rejesho la shilingi 20,000, seva inalipokea na kuliandika, kisha mtandao unakatika kabla jibu halijafika kwenye simu. Simu, ikidhani kwamba ujumbe haukufika, inatuma tena, na seva isiyo makini inaandika marejesho mawili. Dawa yake ni kuipa kila kumbukumbu namba ya utambulisho isiyojirudia, inayotengenezwa ndani ya simu wakati mtumiaji anapobonyeza kitufe cha kuhifadhi, na kuifanya seva ikague namba hiyo kabla ya kuandika. Ikiwa tayari ipo, seva ijibu kwamba imepokea na isiongeze chochote. Jaribuni hali hii kwa makusudi: zimeni data katikati ya kutuma, washeni tena, kisha linganisheni jumla ya simu na ya seva.

Mambo mengine mawili yanastahili kuwekwa sawa tangu mwanzo. Fedha zihifadhiwe kama namba kamili, kamwe zisiwe namba za desimali za kawaida za kompyuta, kwa sababu aina hiyo ya namba haiwezi kuwakilisha baadhi ya sehemu kwa usahihi na tofauti ndogo hujikusanya katika hesabu za riba. Pia msiitegemee saa ya simu peke yake, kwa kuwa inaweza kuwa na tarehe isiyo sahihi. Seva nayo iandike muda ilipopokea kumbukumbu.

Hatua ya 5: Hakikisheni watumiaji wa matoleo ya zamani wanavuka salama

Si kila mtu husasisha programu toleo jipya linapotoka. Wapo wanaoruka matoleo kadhaa kwa sababu ya gharama ya bando au uhaba wa nafasi kwenye simu, na siku wanaposasisha, hifadhidata yao ina umbo la zamani. Kila mnapobadilisha umbo la hifadhidata, andikeni msimbo wa kuivusha kutoka umbo moja hadi linalofuata, na acheni hatua zote za awali zibaki ili aliye nyuma sana apitie zote kwa mfululizo.

Jaribio lake ni hili: sakinisheni toleo la zamani kuliko yote ambalo bado linatumika, lijazeni wanachama, mikopo na marejesho, andikeni pembeni jumla zote, kisha sakinisheni toleo jipya juu yake bila kufuta kitu. Jumla zikitofautiana hata kwa shilingi moja, toleo halitoki. Seva nayo iendelee kuelewa ujumbe wa matoleo ya zamani kwa muda mtakaokuwa mmeutangaza.

Hatua ya 6: Jaribuni kwenye simu za watumiaji wenu

Simu ya mtengeneza programu kwa kawaida ni nzuri kuliko ya mtumiaji. Nunueni simu za bei nafuu zinazouzwa madukani mwenu, za Tecno, Itel au Infinix zenye RAM ya GB 2 au chini ya hapo, na zijazeni picha na video hadi nafasi ikaribie kwisha. Zitumieni juani pia. Android huihesabu programu kuwa imeganda isipoitikia mguso kwa sekunde 5, na katika simu kama hizo sekunde hizo hufika upesi iwapo orodha ya wanachama inapakiwa yote kwa pamoja.

Hatua ya 7: Toeni kwa sehemu

Google Play inaruhusu sasisho kupelekwa kwa asilimia ndogo ya watumiaji na kuongezwa taratibu. Sisi huanza na asilimia 5, tukasubiri hadi vikundi vilivyolipokea vimalize walau kikao kimoja, ndipo tunapanda. Tambueni mpaka wa njia hii: kusitisha usambazaji huzuia watu wapya kulipokea toleo, lakini waliokwisha kulipata hubaki nalo, na hawarudishwi kwenye toleo la awali. Marekebisho lazima yaje kama toleo jingine lenye namba ya juu zaidi. Kwa hiyo kila jambo jipya lenye hatari liwekeeni swichi inayodhibitiwa kutoka kwenye seva, ili mweze kulizima bila kusubiri watu wasasishe, na hali ya kawaida ya swichi hiyo iwe imezimwa pale simu inapokosa mtandao.

Angalieni pia kalenda ya watumiaji. Vikundi hugawana akiba mwishoni mwa mzunguko, na kwa wengi hilo huangukia Desemba. Katika wiki hizo tunatoa marekebisho ya makosa ya hesabu pekee.

Hatua ya 8: Fuatilieni, mkilinda siri za watu

Katika takwimu za Google Play, programu ambayo zaidi ya asilimia 1.09 ya watumiaji wake wa siku hukumbana na kujifunga ghafla, au asilimia 0.47 hukumbana na kuganda, huweza kupunguziwa nafasi ya kuonekana dukani. Jipangieni viwango vilivyo chini zaidi ya hivyo. Taarifa za hitilafu mnazokusanya zisibebe majina, namba za simu wala kiasi cha fedha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019; someni wajibu wenu, ukiwemo wa kujisajili kwa mamlaka husika, kabla ya kukusanya chochote.

Toleo likishafika kwa wote na kutulia, ondoeni swichi yake na msimbo wa zamani uliochukuliwa nafasi, kisha wapigieni wawekahazina mliowatembelea muwaeleze lipi kati ya waliyowaonyesha limerekebishwa na lipi bado, na kwa nini.