Namna ya kufundisha dini na mitazamo ya maisha katika shule ya msingi ya Kikristo jijini Mwanza

Shule ya msingi ya Kikristo jijini Mwanza ni nadra kuwa na wanafunzi Wakristo peke yao. Katika darasa moja la Nyamagana au Ilemela huweza kuketi Mkatoliki, mtoto wa African Inland Church, Msabato, Mpentekoste, Mwislamu ambaye wazazi wake wamevutiwa na matokeo ya mitihani, na pengine mtoto wa familia ya Kihindu. Mwalimu anayekabidhiwa kipindi cha dini ana kazi mbili: kulea imani ya shule bila kuificha, na kuwaeleza watoto wote, kwa usahihi, namna majirani zao wanavyouelewa ulimwengu. Kazi hizo hazigombani, mradi zisichanganywe.

Kwa hiyo, unapoandaa azimio la kazi, tenganisha mada ambazo shule inazifundisha kama imani yake na zile inazozifundisha kama maarifa kuhusu watu wengine, kisha uchunge kauli zako darasani. Ukisema, "Sisi Wakristo tunaamini kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu," mtoto Mwislamu anaelewa kwamba huzungumzi kwa niaba yake. Ukisema, "Waislamu wanamheshimu Isa bin Maryamu kuwa nabii, lakini hawakubali kwamba ni Mwana wa Mungu," anaona kwamba hujaipotosha imani ya nyumbani kwao. Kauli ya kuepuka ni ile ya "dini zote ni sawa tu." Mkristo makini na Mwislamu makini wote wataikataa, na wanafunzi wa darasa la tano huitambua upesi kuwa ni njia ya mwalimu ya kukwepa swali.

Wazazi waelezwe mapema, kabla ya kusajili mtoto, ni ibada zipi anatakiwa kuhudhuria na ni mada zipi zitafundishwa. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda uhuru wa kila mtu katika mambo ya imani, na mzazi aliyeelezwa waziwazi hana sababu ya kuhisi kwamba mtoto wake anabadilishwa dini kwa siri.

Ukifika kwenye ufundishaji wenyewe, anza na vitu ambavyo watoto wanavijua. Kwa watoto wa kando ya ziwa, sioni zana bora kuliko samaki. Orodhesha ubaoni sato, sangara, dagaa na kambale, kisha uliza ni nani nyumbani kwao hali mmojawapo, na kwa nini. Mtoto Msabato atasema kwamba kwao hawali kambale kwa sababu hana magamba. Hapo fungueni Mambo ya Walawi 11, ambapo samaki wanaoruhusiwa ni wenye mapezi na magamba, kisha msome Marko 7 na Matendo ya Mitume 10. Wakristo wengi husoma sura hizo mbili wakaona kwamba miiko ya vyakula imekwisha. Wasabato hujibu kwamba maono ya Petro katika Matendo 10, alipoonyeshwa wanyama wa kila aina na kuambiwa ale, yalihusu watu, si vyakula, nao hutaja mstari wa 28 wa sura hiyo ya Matendo, ambapo Petro mwenyewe anayafafanua hivyo. Wanafunzi wataona kwamba watu wanaoheshimu kitabu kimoja wanaweza kukisoma kwa njia mbili, kila upande ukiwa na hoja yake. Kutoka hapo ni rahisi kuendelea: Mwislamu ambaye hali nyama isiyochinjwa kwa taratibu za dini yake hahitaji samaki achinjwe, Wahindu wengi hawali samaki wala nyama, nazo koo za Wahaya na Wazinza zina miiko ya wanyama fulani. Somo hili lipewe vipindi viwili, kwa kuwa kimoja hakitoshi.

Mila za Wasukuma nazo zistahili nafasi yake, zisitajwe tu kama mambo ya kale yaliyoshindwa. Wapeleke wanafunzi Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho yaliyoanzishwa na padre Mkanada David Clement, ambako pia kuna kanisa la mviringo lililojengwa kwa kufuata umbo la nyumba ya Kisukuma. Kabla ya safari wape swali moja la kuchunguza: ni nini katika kanisa hili kimetoka katika mila, na ni nini kimetoka katika Ukristo? Masamva, yaani mizimu ya wahenga, yaelezwe kama wanavyoeleweka na wanaowaheshimu, kisha useme waziwazi Kanisa lako linafundisha nini kuhusu wafu.

Kuna mpaka mmoja ambao hauna mjadala. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kwa sababu ya imani za kishirikina. Jambo hilo lifundishwe kuwa ni uovu na uhalifu, lisiwekwe kamwe kwenye orodha ya "mitazamo tofauti." Eleza pia kwa sayansi kwamba ualbino hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili.

Usimsimamishe mtoto mmoja awe msemaji wa dini yake. Akijitolea, msikilize, asipojitolea, mwalike mzazi au ustadhi, na mkubaliane naye kabla kwamba atajibu maswali na hatahubiri. Mchungaji anayealikwa kipindi hichohicho afungwe na sharti hilohilo.

Katika mtihani, pima uelewa. Swali kama "Dini ya kweli ni ipi?" halina nafasi kwenye karatasi, "Eleza sababu mbili za Waislamu kufunga mwezi wa Ramadhani" linaweza kusahihishwa kwa haki. Vivyo hivyo, mwanafunzi Mwislamu aliyeeleza vizuri maana ya Pasaka kwa Wakristo apewe alama zote, hata kama amemalizia kwa kuandika kwamba yeye haamini hivyo.