Makutano yenye taa: leni inabeba magari mangapi, na mtembea kwa miguu anangoja sekunde ngapi?

Tuseme uko Mombasa, Digo Road inapokutana na Moi Avenue. Simama mahali unapouona mkia wa foleni. Anayesimama penye mstari wa taa huhesabu magari yaliyopita tu, kisha huandika kwamba hayo ndiyo yanayoitaka barabara. Yaliyokwama nyuma yanamponyoka.

1. Hesabu kwa vipindi vya dakika 15, kila upande wa kukata kivyake. Matatu, tuktuk, bodaboda, lori na mkokoteni, kila kimoja na safu yake. Usiudharau mkokoteni: mmoja ukishika leni, wote walio nyuma hutembea kwa mwendo wa hamali. Epuka Ijumaa mchana na mwezi wa Ramadhani, ila kama ndizo unazozichunguza.

2. Taa ikiwaka kijani, yaache magari manne ya kwanza, maana madereva bado wanaingiza gia. Anza saa la nne likivuka mstari, simamisha la kumi likivuka. Nafasi 6 zikichukua sekunde 13.5, kila moja ni 2.25, 3,600 ukigawanya kwa hiyo, ni magari 1,600 kwa saa nzima ya kijani. Rudia kwa mizunguko 10 au zaidi (mzunguko ni muda tangu kijani kianze hadi kianze tena). Mwongozo wa Marekani wa kupima uwezo wa barabara huanzia 1,900, lakini leni ambayo matatu inashushia abiria hatua chache mbele ya taa haifiki huko.

3. Kijani kikiwa sekunde 50 katika mzunguko wa 120: 1,600 × 50/120 = 667, ndio uwezo wa leni kwa saa. Magari yanayokuja yakifika 520 kwa saa, uwiano wake na uwezo ni 0.78; ukifika 1, leni imejaa.

4. Sasa mtembeaji. Toa kijani chake kwenye mzunguko, tafuta mraba wake, gawanya kwa mara mbili ya mzunguko: hapo una wastani wa kungoja. Akipewa sekunde 20: 100 × 100 ÷ 240, karibu sekunde 42. Kwa vipimo vya Marekani vya mwaka 2000 hiyo ni daraja E (A ni bora, F ni mbaya kabisa), na wakishapita sekunde 30 watu huanza kujirusha barabarani. Hesabu hii hudhani watu wanakuja mmojammoja. Karibu na Likoni haifai, kwa sababu feri hushusha umati kwa mkupuo. Huko pima kwa saa mkononi.

Angalia pia muda wa kuvuka: mita 14 kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde ni sekunde 12, lakini mama aliyebeba kikapu kutoka Marikiti huenda akahitaji 14.

5. Jaribu mzunguko wa 80, mtembeaji abaki na 20: anangoja sekunde 22.5, daraja C. Leni ikipata kijani cha sekunde 30, uwezo ni 600 na uwiano 0.87. Bado inabeba, japo kwa shida. Usifupishe zaidi kiholela: kila zamu ya taa hupoteza kama sekunde 4, na hizo hazipungui mzunguko ukipungua.