Maumivu ya ghafla ya nyonga na uke: mambo ya kuzingatia kabla hayajakupata

Anza na tarehe. Kila mwezi andika siku ya kwanza ya hedhi kwenye kalenda ya ukutani au kwenye simu, hata kama unatumia sindano, kijiti au kitanzi cha uzazi wa mpango. Ukifika zahanati umejikunja kwa maumivu, hilo ni miongoni mwa maswali ya mwanzo, na jibu lake hubadilisha kila kinachofuata.

Tunasisitiza hivyo kwa sababu ya mimba iliyotunga nje ya kizazi. Mara nyingi hujitokeza wiki ya 6 hadi ya 8 tangu hedhi ya mwisho. Mrija wa uzazi, ambamo mimba hiyo hunasa mara nyingi, hautanuki kama kizazi. Hupasuka, na damu ikamwagikia tumboni isikoonekana. Inayotoka ukeni huweza kuwa matone tu, meusi-meusi, mwenyewe akadhani ni hedhi iliyochelewa. Maumivu kwenye ncha ya bega, hasa ukilala, kizunguzungu ukisimama, jasho la baridi: usingoje kupambazuke. Weka nyumbani kipimo cha mimba cha mkojo. Mstari wa pili, hata ukiwa hafifu, ni mimba. Aliyeshika mimba akiwa na kitanzi awahi zaidi, maana kwake uwezekano wa mimba kuwa nje ya kizazi ni mkubwa.

Maumivu makali ya upande mmoja pamoja na kutapika huweza kuwa ovari, yaani kiungo kinachotoa mayai ya uzazi, iliyojisokota. Damu haiifikii, na saa chache zinatosha kuiharibu. Upande wa kulia, fikiria pia kidole tumbo. Homa na uchafu wenye harufu ukeni huashiria maambukizi ya via vya uzazi: dawa huchukua siku 14, mwenza naye hutibiwa. Ukikatisha dozi, maambukizi huacha makovu kwenye mirija, na mimba ijayo ikanasa humo humo. Kuungua unapokojoa mara nyingi ni U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Uvimbe upande mmoja wa mlango wa uke, unaouma hata kukaa, ni tezi iliyoziba. Usiupasue kwa wembe.

Wengi wetu huyaita yote haya chango, mizizi ikachemshwa. Tunakuomba sana, usinywe mizizi hiyo wala usiweke kitu ukeni kabla ya kupimwa.

Kisha safari. Aliyeko wilaya za milimani kusini mwa Tanzania, kama Makete, Ludewa au Ileje, aulize mapema, kabla ya mvua za Novemba hadi Aprili kuharibu barabara, ni kituo gani cha karibu chenye ultrasaundi na chumba cha upasuaji. Hifadhi namba ya dereva mwenye gari, kwani anayekaribia kuzimia huanguka kwenye bodaboda. Mjamzito au aliyejifungua karibuni apigiwe namba ya dharura 115, ni bure. Mkobani weka khanga 2, pedi, kadi ya kliniki na ya bima, na ongozana na ndugu wawili wanaoweza kutoa damu. Pedi ikilowa yote ndani ya saa moja, waambie wahudumu mara tu ufikapo. Usile njiani, huenda ukaingia upasuaji. Ukimeza paracetamol, vidonge 2 vya miligramu 500 kwa maji kidogo vinatosha, na uandike saa uliyomeza.