Jinsi ya kujijengea jina la utaalamu mtandaoni bila kujiita mtaalamu

Siku moja nilikuwa naskrol tu, nikakuta mtu ameuliza kwa nini jumla kwenye Excel yake inaleta sifuri wakati namba ziko pale anaziona kwa macho, na chini yake mtu mwingine ambaye simjui wala hatujawahi kuongea kaitaja akaunti yangu, kasema "muulize huyu, haya ndo mambo yake". Ile furaha siwezi kuielezea. Nilikuwa na karibu miaka mitatu naandika kuhusu Excel, wafuasi hawakuwa wengi kihivyo, lakini pale ndo nikajua jina limeanza kutembea lenyewe. Toka siku hiyo kila anayeniuliza ataanzaje kujulikana mtandaoni kama mtaalamu wa kitu fulani nampa kipimo hicho hicho: achana na kuhesabu wafuasi, hesabu ni mara ngapi mtu usiyemjua amekutaja kwenye swali la mtu mwingine.

Sasa unafikaje hapo, ngoja nieleze ninavyofanya mwenyewe na ninavyowashauri wenzangu.

Chagua maswali kabla hujachagua fani

Wengi wanaanza na fani. Mimi wa masoko, mimi wa teknolojia, mimi wa afya. Fani ni pori, ukiingia humo hakuna atakayekuona. Mtu mwenye shida haamki asubuhi akatafuta fani, anatafuta jibu la kile kinachomsumbua saa hiyo hiyo, na anaandika vile vile kinavyomsumbua. Kwa hiyo chukua karatasi, andika maswali kumi ambayo watu wameshawahi kukuuliza wewe, iwe kazini, kwenye simu au kwenye grupu la familia, na usibuni hata moja. Kama hayafiki kumi basi bado, rudi kwenye kazi yako kwanza ufanye, uharibu, urekebishe, utakuja tu, wala hakuna aliyekuwekea muda. Yakifika kumi yasome tena taratibu, utaona sita au saba yanaegemea upande mmoja. Upande huo ndo wako hata kama wewe mwenyewe ulitamani ujulikane kwa kitu kingine.

Mfano mzuri ni Salman Khan, sio yule mwigizaji wa India, ni huyu aliyeanzisha Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure. Mwaka 2004 jamaa alikuwa mchambuzi wa mambo ya uwekezaji, kazi yake kabisa, akaanza kumfundisha hesabu binamu yake aliyekuwa mji mwingine, mtoto alikuwa amekwama kwenye kubadili vipimo. Ndugu wengine wakasikia nao wakataka, ikawa tabu kupanga muda wa kila mmoja, 2006 akaanza kuweka video YouTube ili wajitazamie wenyewe, na 2009 akaacha kazi ashughulike na Khan Academy moja kwa moja. Mwanzoni hakukuwa na mpango wa kuifundisha dunia, kulikuwa na mtoto mmoja na mada moja iliyomshinda. Mimi hii huwa nairudia sana kwa sababu watu wanadhani lazima uanze na hadhira. Unaanza na mtu mmoja aliyekwama.

Bio yako

Yani yale maelezo mafupi chini ya jina lako. Hapa sikai sana. Instagram wanakupa herufi 150, X wanakupa 160, LinkedIn pale chini ya jina wanakupa 220, kwa hiyo hamna nafasi ya kujisifia. Ukiandika "Mjasiriamali, mhamasishaji, mpenda mafanikio, mtaalamu wa data" umemaliza herufi zako na msomaji bado hajui akufuate kwa lipi. Andika unamsaidia nani na kwenye nini: "Nawaelekeza watu wa ofisini Excel inapowagomea. Kila Jumanne swali moja na jibu lake." Basi. Jina liwe moja kila sehemu, picha iwe moja na uso uonekane, mtu akikuona huku na kule ajue ni yule yule. Neno mtaalamu mimi huwa sijiandikii, nawaachia wengine waliseme.

Jibu lenyewe ndo kila kitu

Wahenga walisema chema chajiuza kibaya chajitembeza. Ni kweli, ila mtandaoni chema usipokitoa ndani hakijiuzi, kitakaa kabatini na ubora wake. Inabidi kitembezwe, sema kikitembezwa kiwe chema kweli, na wema wa jibu uko kwenye vitu vidogo.

Tuchukue lile swali la jumla inayoleta sifuri. Jibu la haraka haraka ni "hakikisha data zako ziko kwenye muundo sahihi". Ni sahihi na halimsaidii mtu yeyote. Jibu langu mimi lilikuwa hivi: angalia namba zako zimelalia upande gani wa seli (kile kisanduku kimoja kimoja), kama zimelalia kushoto na wewe hukuzipanga hivyo, Excel inaziona ni maandishi, na SUM, fomula ya kujumlisha, inaruka maandishi, ndo maana unapata sifuri. Mara nyingi utaona na kijipembetatu cha kijani kwenye kona ya seli. Inatokea sana ukivuta namba kutoka mfumo mwingine. Zichague zote, kitatokea kialama cha tahadhari pembeni, kibonyeze, chagua ile ya kubadili kuwa namba, jumla inarudi hapo hapo. Nikaweka na picha mbili za skrini, kabla na baada. Umeona tofauti? Anayesoma anaambiwa aangalie wapi, ataona nini na kwa nini iko hivyo, na akimaliza ana kitu cha kumwonyesha mwenzake wa meza ya pili. Huyo mwenzake wa meza ya pili ndo atakayekutaja siku moja.

Shida kubwa ya mtu anayekijua kitu ni kwamba ameshasahau ilikuwaje kutokijua. Kuna utafiti wa Elizabeth Newton pale Stanford, 1990, aliwapa watu kazi ya kugonga meza kwa vidole kufuata mdundo wa wimbo unaojulikana na wengine wabahatishe ni wimbo gani. Wagongaji walidhani nusu ya nyimbo zitatambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilizogongwa zilitambuliwa 3 tu. Mgongaji anausikia wimbo wote kichwani mwake, msikilizaji anasikia ngo ngo ngo. Mimi kila nikiandika najiuliza hapa nagonga meza au naimba? Njia rahisi ya kujua ni kumpa mtu mmoja asiyeijua hiyo kazi asome mbele yako huku umenyamaza, usimsaidie, pale anaporudi nyuma kusoma tena mstari ndo pa kurekebisha.

Na sasa hivi hili limekuwa la lazima zaidi, kwa sababu toka ChatGPT, ile programu ya akili bandia inayoandika, itoke mwisho wa 2022 kila mtu anaweza kutoa posti ya "mambo saba muhimu kuhusu Excel" ndani ya dakika moja, zimejaa, zinafanana kama vikombe vya kiwanda kimoja. Kisichoweza kutoka humo ni faili uliyoifungua wewe jana ikakutoa jasho. Google nao Desemba 2022 kwenye mwongozo wa watu wanaowapimia ubora wa matokeo ya utafutaji waliongeza kigezo cha uzoefu juu ya utaalamu, mamlaka na uaminifu, yani wanaangalia kama aliyeandika kitu hicho amekifanya mwenyewe. Kwa hiyo weka ushahidi. Picha ya skrini, kipande cha kazi, ulichojaribu kikakataa kabla ya kilichokubali. Ila kabla hujaposti futa majina ya watu, majina ya kampuni, namba za simu, mishahara, vyote, hata kile kijina cha faili pale juu kinaweza kumuumbua mtu aliyekuamini.

Siku utakayokosea

Utakosea, na mimi naona hapa ndo jina linajengwa au linabomoka, kwa hiyo naomba usome taratibu.

Mwaka wangu wa pili niliweka posti ya kutumia VLOOKUP, fomula ya Excel ya kutafuta kitu kwenye orodha, kupata bei ya bidhaa, ikapendwa sana, watu wakaisevu. Kumbe fomula yangu ilikuwa na vipengele vitatu, cha nne sikukiweka. Sasa usipokiweka cha nne Excel inachukulia kwamba unataka inayokaribiana, na kama orodha yako haijapangwa kwa mfuatano inaweza kukuletea bei isiyo yake bila kuonyesha kosa lolote. Kwangu ilifanya kazi kwa sababu orodha yangu ilikuwa imepangwa. Baada ya kama wiki mbili dada mmoja akaniandikia kwenye komenti, kwa upole kabisa, kaka naomba uangalie, kwangu imeleta bei za bidhaa nyingine na nimeshazituma kwa mteja. Nilihisi baridi mwilini. Wazo la kwanza lilikuwa nifute kila kitu, posti na komenti yake. Sikufuta. Nilimjibu palepale kwamba kosa ni langu, nikaongeza juu ya posti mstari unaosema fomula ya chini ina kosa, mwishoni weka FALSE ndo italeta inayolingana kabisa, nikaacha ile ya zamani ionekane, halafu kesho yake nikaweka posti mpya inaeleza kosa lenyewe lilitokeaje. Ile posti ya marekebisho imeletwa kwenye mazungumzo ya watu mara nyingi kuliko ile ya kwanza, na yule dada tumekuwa tunasaidiana mpaka leo.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: sahihisha palepale kosa lilipo, taja aliyekuonyesha kama ameridhia kutajwa, usifute, na usianze na sababu. Sababu zinafuata baadaye kama zina faida kwa msomaji. Na kama unaandika mambo ya afya, sheria au pesa za watu, huko kosa linaumiza mwili au linamaliza akiba ya mtu, kwa hiyo sema wazi umesomea nini na mwisho wako ni wapi, na swali likivuka hapo mpeleke kwa mwenye leseni. Kusema "hili silijui, muulize fulani" halijawahi kunipunguzia mtu hata mmoja.

Usijenge kwenye kiwanja cha mtu

Watu waliokuwa na majina makubwa Vine, app ya video fupi, waliamka Januari 2017 app imefungwa. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, nao ulifungwa Aprili 2019 na maandishi ya watu yakaenda nayo. Unaweza usifungiwe mtandao mzima, akaunti yako peke yake ikapotea kwa kudukuliwa, au algoridhimu, ile kanuni ya mtandao inayochagua nani aone posti gani, ikabadilika tu na posti zako zisiwafikie hata waliokufuata. Ndo maana nasema majibu yako mazuri yaweke pia kwenye tovuti yako yenye anwani yako mwenyewe hata kama ni kurasa tano, na anza kukusanya barua pepe za wanaotaka kupata majibu mapya, kwa ridhaa yao, usiwaingize kwa nguvu. Mitandao itumie kama barabara ya kuwaleta watu nyumbani.

Mitandao yenyewe chagua mmoja, haizidi miwili. Nenda pale maswali yako kumi yanapoulizwa. Mimi nusu ya muda wangu siposti kabisa, naenda kwenye maswali ya watu najibu kule kule kwa ukamilifu, sio ile ya "njoo inboksi" wala kumwagia linki. Mtu akiuliza unamjibu hapo hapo akapona, atakuja mwenyewe kuangalia wewe ni nani. Kuhusu mara ngapi kwa wiki, chagua kiasi utakachokiweza hata wiki ile unayoumwa. Kwangu ni mara moja. Watu wamezoea Jumanne, nikichelewa wananiuliza kulikoni, na hilo mtu hawezi kulipata kwa kuposti mara tano kwa siku kwa mwezi mmoja halafu kimya.

Wafuasi wa kununua usiguse, hao hawaulizi, hawakutaji popote, na mtu akiona wafuasi maelfu halafu komenti mbili anajua. Matangazo yakianza kuja (yatakuja) pokea ya vitu unavyovitumia kweli na uandike wazi juu kabisa kwamba umelipwa. Marekani tume yao ya biashara inalitaka hilo kisheria, lakini hata pasipo na sheria msomaji aliyekuamini anastahili kujua.

Jambo la mwisho ni inboksi, maana ukishaanza kujulikana itakuzidi. Maswali mengi yatakuwa yale yale, na ukijibu mmoja mmoja kimyakimya utachoka na hakuna mwingine atakayefaidika. Mimi namjibu mtu kwa ufupi apate pa kuanzia, halafu namuuliza: "Naomba nilijibu swali lako hadharani bila jina lako, na faili nitaibadilisha isijulikane ya nani?" Karibu wote wanakubali. Jumanne linatoka, namtumia linki, na swali lake naliongeza kwenye ile karatasi ya kwanza, ambayo sasa imeshakuwa daftari la tatu.